Koti na Mvaaji: Usomaji wa Picha za Charles Hamilton Smith

Picha za kale za sare za kijeshi zimezoeleka kutumiwa kama ushahidi. Msomaji huhesabu vifungo, hutaja rangi, kisha hufunga kitabu. Makala haya yanapinga usomaji wa aina hiyo. Tunadai kwamba picha hizi ni matini, na kwamba zinastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

Mfano wetu ni mkusanyiko wa Charles Hamilton Smith kuhusu mavazi ya jeshi la Uingereza, uliochapishwa na Colnaghi jijini London kati ya 1812 na 1815. Anwani yake yenyewe inatamka kuwa mavazi yameonyeshwa kulingana na kanuni za 1812. Kinachochorwa, basi, ni agizo. Askari aliyetoka vitani, koti lake limepauka na kutiwa viraka, hayumo. Hata rangi haziaminiki kama inavyodhaniwa: J. C. Stadler alichonga mabamba, lakini nakala zilitiwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. (Wakusanyaji wanaobishania wekundu wa koti wangefaa kulikumbuka hilo.)

Picha inayotushughulisha zaidi ni ya askari wa cheo cha chini wa Kikosi cha 5 cha West India, mtu mweusi aliyevaa koti jekundu la mfalme. Vikosi hivyo vilianza kuundwa mwaka 1795, na kufikia 1808 serikali ya Uingereza ilikuwa imenunua watumwa wapatao 13,400 ili kuvijaza. Sheria ya jeshi ya 1807 ndiyo iliyowapa uhuru. Pichani hapana hata dalili ya historia hiyo; koti limeifunika. Mtu atajibu kwamba askari weupe mkusanyikoni nao hawakutajwa majina. Ni kweli, ila hao hawakununuliwa sokoni.

Smith, aliyekuwa afisa wa jeshi na aliyewahi kuhudumu West Indies, alichapisha mwaka 1848 kitabu kuhusu historia asilia ya binadamu, akiwagawa watu katika aina. Kusema kwamba picha hii ni mbegu ya kitabu hicho ni pupa. Hata hivyo, mbinu ni ile ile: umbo moja husimamishwa kwa niaba ya maelfu, na chini yake huandikwa jina la kundi.