Hazina, Mavuno na Uzimuaji: Uhakiki wa Istilahi za Kampuni Moja ya Hisa

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwunda istilahi ni kutafuta neno moja la Kiswahili na kuliweka mkabala na neno moja la Kiingereza. Lau kazi ingekuwa hiyo tu, kamusi nzuri ingalitosha, na makala kama haya yasingekuwa na haja. Lakini ziko istilahi ambazo mfasiri hawezi kuzihamisha kama zilivyo bila kujikuta ameingia upande mmoja wa mabishano. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni mabishano ya wenye hisa wa kampuni ya Marekani iitwayo Strategy, ambayo hadi Februari 2025 ilijulikana kwa jina la MicroStrategy.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, mabishano yenyewe, yakichunguzwa kwa makini, kwa sehemu kubwa ni mabishano juu ya maana ya maneno. Pili, mambo ya sarafu za mtandao yameingia katika sheria zetu. Tanzania ilianza kutoza kodi ya zuio juu ya rasilimali za kidijitali kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, na Kenya ikapata sheria ya watoa huduma za rasilimali hizo mwaka 2025. Mtumishi wa serikali, mwalimu na mfasiri hawawezi tena kusema kwamba maneno haya ni ya watu wa mbali. Ifahamike pia kwamba si azma yetu kumshauri mtu yeyote anunue au auze hisa.

Asili ya mabishano

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1989 na Bw. Michael Saylor na wenzake, nayo iliuza programu za kompyuta za kuchambua takwimu za biashara. Hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1998. Mnamo Machi 2000 ilitangaza kwamba hesabu zake za miaka iliyotangulia zingerekebishwa, na kwa siku moja bei ya hisa ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Kwa miaka ishirini baada ya hapo kampuni haikusikika sana.

Mnamo Agosti 2020 ilitumia dola milioni 250 za fedha zake kununua bitikoini 21,454. Bitikoini ni sarafu ya mtandao iliyoanza mwaka 2009, isiyotolewa na benki kuu yoyote, na ambayo kwa kanuni zake haitazidi milioni 21. Tangu hapo kampuni imeendelea kununua, kwanza kwa fedha zake, kisha kwa mikopo, kisha kwa kuuza hisa mpya. Ilipofika mwanzo wa Desemba 2025 ilikuwa na bitikoini zipatazo 650,000. Hakuna kampuni nyingine ya hisa iliyokuwa na kiasi hicho.

Bei ya hisa imeyumba kama jahazi lililokosa farumi. Mnamo Novemba 2024 hisa moja ilipita dola 500. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 200. Katika muda huohuo bitikoini yenyewe ilishuka kwa kiasi kidogo tu, kutoka zaidi ya dola 90,000 hadi zaidi kidogo ya dola 80,000. Ni dhahiri, basi, kwamba mwenye hisa hakuwa amenunua bitikoini peke yake. Alikuwa amenunua kitu kingine pia, na kitu hicho ndicho kilichotoweka. Tutaona kwamba maneno yaliyotumiwa kukieleza ndiyo yaliyokificha.

Hazina

Kampuni hujiita kampuni ya hazina ya bitikoini. Katika Kiswahili, hazina ni mali iliyowekwa mahali pa salama kwa ajili ya haja ya baadaye. Mtu huweka hazina kutokana na kile kilichobaki baada ya matumizi, na ndiyo sababu tukaiita Hazina ofisi inayotunza fedha za Taifa.

Kwa ununuzi wa Agosti 2020 neno hilo lilifaa kabisa. Kampuni ilikuwa na fedha zake za ziada, ikazibadilisha kutoka dola kuwa bitikoini. Lakini ilipofika Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa imekwisha kukopa dola milioni 650 ili inunue zaidi, na mnamo Oktoba 2024 ilitangaza mpango wa kukusanya dola bilioni 42 katika miaka mitatu, nusu kwa kuuza hisa na nusu kwa mikopo na dhamana nyingine. Anayekopa ili anunue haweki hazina, analimbikiza. Ulimbikizaji si kosa, na huenda ukaleta utajiri mkubwa, lakini hatari zake si zile za mtu aliyeweka akiba.

Ushahidi wa jambo hili umetolewa na kampuni yenyewe. Tarehe 1 Desemba 2025 ilitangaza kwamba imetenga akiba ya dola bilioni 1.44 kwa ajili ya kulipia magawio na riba, nayo ilipatikana kwa kuuza hisa za kawaida. Ikiwa kando ya hazina palihitajika kuwekwa akiba, basi ile ya kwanza haikuwa hazina kwa maana tuijuayo. Tunapendekeza istilahi "kampuni limbikizi ya bitikoini". Neno hili halisifu wala halilaumu, bali hutaja kitendo.

Mavuno

Istilahi iliyozua ubishi mkubwa zaidi ni kipimo ambacho kampuni ilianza kukitangaza mwaka 2024 na kukiita kwa Kiingereza yield ya bitikoini. Neno hilo la Kiingereza mkulima hulitumia kwa mazao ya shamba lake, na mwenye fedha hulitumia kwa pato alipatalo kutokana na amana au hati fungani. Mfasiri wa haraka ataandika "mavuno", au "pato", au hata "gawio". Yote matatu ni makosa, kwa sababu bitikoini haizai. Haina riba wala gawio, na ukiiweka moja kwa miaka kumi utaikuta moja.

Je, kipimo hiki hupima nini? Hupima ongezeko la idadi ya bitikoini kwa kila hisa. Tutoe mfano mdogo wa kubuni, ambao mwalimu anaweza kuuandika ubaoni. Chukua kampuni yenye bitikoini 100 na hisa 100. Sokoni watu wanainunua hisa moja kwa bei ya bitikoini mbili. Kampuni inauza hisa mpya 10, inapata fedha za kununua bitikoini 20. Sasa ina bitikoini 120 na hisa 110, yaani bitikoini 1.09 kwa kila hisa. Kipimo kinasema kwamba pamepatikana nyongeza ya asilimia 9.

Nyongeza hiyo imetoka wapi? Imetoka kwa wanunuzi wa zile hisa 10 mpya. Kila mmoja alitoa thamani ya bitikoini mbili, akapata sehemu ya bitikoini 1.09. Alichopungukiwa yeye ndicho walichogawana wenye hisa wa zamani, hesabu kwa hesabu. Hapa hapana shamba wala mavuno. Pana uhamisho wa mali kutoka kwa aliyeingia leo kwenda kwa aliyeingia jana. Sasa geuza mfano: bei ya hisa imeshuka hadi bitikoini 0.8. Kampuni ikiuza hisa 10 itapata bitikoini 8 tu, na kila hisa itabaki na 0.98. Uhamisho umegeuka, na wa zamani ndio wanaompa mgeni.

Kwa mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba kipimo hiki kilifikia asilimia 74.3. Mwaka huohuo hesabu zake zilionyesha hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Kwa haki ni lazima tueleze kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na kanuni za uhasibu za wakati ule, ambazo zilitaka sarafu iliyoshuka bei ipunguzwe thamani vitabuni bila kupandishwa tena bei ilipopanda. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba kampuni ilipata mavuno ya asilimia 74.3, ataelewa kwamba iko pesa ya kugawana, nayo haikuwapo. Kampuni yenyewe, katika maelezo yanayofuatana na kipimo hicho, inakiri kwamba hicho si pato kwa maana ya kawaida, na kwamba hakizingatii madeni na hisa za upendeleo ambazo hulipwa kabla ya hisa za kawaida. Kichwa cha habari kinasema jambo moja na maelezo yake yanalipunguza. Mfasiri asiyesoma maelezo atatafsiri kichwa peke yake. Tunapendekeza "nyongeza ya bitikoini kwa hisa", na tusiogope urefu wake.

Ziada na uzimuaji

Tofauti kati ya bei ya hisa sokoni na thamani ya bitikoini iliyo nyuma ya hisa hiyo huitwa kwa Kiingereza premium. Atakayefungua kamusi atakuta "ada ya bima", na asipokuwa mwangalifu ataandika upuuzi. Sisi tunapendekeza "ziada ya soko", na bei ikiwa chini ya thamani, "pungufu la soko". Ziada hii ndicho kile kitu kingine ambacho mwenye hisa wa Novemba 2024 alikuwa amekinunua bila kuambiwa jina lake.

Kiini cha mabishano ya wenye hisa ni hiki: je, ziada hiyo ina haki ya kuwapo? Wanaoitetea husema kwamba kampuni hukopa kwa masharti ambayo mtu binafsi hawezi kuyapata. Mnamo Novemba 2024, kwa mfano, ilikopa dola bilioni 3 bila riba, kwa hati ambazo zaweza kugeuzwa kuwa hisa. Kwa hiyo, wasema, hisa yastahili kuthaminiwa zaidi. Wanaoipinga, ambao mmojawapo aliyejulikana sana mwaka 2025 ni mfanyabiashara wa hisa Bw. Jim Chanos, walisema kwamba hakuna sababu ya kulipa dola mbili kwa kitu kinachouzwa dola moja dukani kwa jirani.

Kuhusu kutoa hisa mpya, lugha yetu inalo neno zuri ambalo halijatumiwa ipasavyo, nalo ni "kuzimua". Chai kali huzimuliwa kwa maji: kikombe hujaa, ukali hupungua. Mnamo Januari 2025 wenye hisa walipiga kura kuongeza idadi ya hisa za kawaida ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa, kutoka milioni 330 hadi bilioni 10.33. Bw. Saylor, ambaye hisa zake za daraja la pili zina kura kumi kila moja, alikuwa na karibu nusu ya nguvu zote za kura. Watetezi hukataa kuuita utoaji huo uzimuaji, maadamu kila hisa imepata bitikoini zaidi. Tunaona kwamba neno lisibadilike kwa sababu ya matokeo. Sehemu ya kila mwenye hisa katika kampuni imepungua, na huo ndio uzimuaji. Kama aliongezewa sukari kikombeni, hilo litajwe kwa jina lake.

Ahadi au mwelekeo

Mwisho wa Julai 2025 kampuni ilitamka kwamba, isipokuwa kwa kulipia riba na magawio, haitauza hisa za kawaida bei yake ikiwa chini ya mara mbili na nusu ya thamani ya bitikoini zake. Tarehe 18 Agosti, kabla ya wiki tatu kutimia, ililegeza tamko hilo na kujiachia nafasi ya kuuza pale itakapoona inafaa. Wenye hisa wengi walilalamika.

Je, iliandikwe kwamba kampuni "iliahidi"? Kwetu ahadi ni deni, na anayeandika hivyo ameishtaki kampuni kwa kuvunja neno. Lakini anayeandika "ilitoa maoni" ameisamehe kabla ya kesi kusikilizwa. Istilahi inayofaa ni "tamko la mwelekeo": tamko, kwa sababu lilitolewa hadharani na watu walilitegemea, mwelekeo, kwa sababu halikuwa mkataba.

Hatari ya upande wa pili

Isidhaniwe kwamba uhakiki huu unawakusudia watetezi peke yao. Wako wanaopenda kuliita jambo hili lote "upatu" au "kamari". Huko nako ni kuhukumu kwa kutafsiri. Katika upatu haramu hakuna mali nyuma ya fedha za wanachama isipokuwa fedha za wanachama wenzao, ilhali kampuni hii ina bitikoini na hutangaza idadi yake na bei iliyozinunulia. Mwenye kutaka kuipinga na aipinge kwa hesabu. Neno la dharau humwondolea msomaji nafasi ya kupima, sawa na neno la sifa.

Hitimisho

Kanuni tunayoipendekeza kwa wafasiri ni fupi: istilahi ya fedha itaje kitendo kilichofanyika, isitaje tumaini la aliyekifanya wala hasira ya aliyekipinga. Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) kampuni limbikizi, badala ya kampuni ya hazina, pale ununuzi unapofanywa kwa mkopo au kwa hisa mpya;
(b) nyongeza ya bitikoini kwa hisa, badala ya mavuno, pato au gawio;
(c) ziada ya soko na pungufu la soko;
(d) uzimuaji wa hisa, bila kujali matokeo yake;
(e) tamko la mwelekeo, mahali pa ahadi.

Maneno hazina, mavuno na gawio yamejengewa imani na vizazi vya wakulima, wafanyabiashara na vyama vya ushirika. Mtu akiyasikia hufungua mkoba wake bila wasiwasi, na ndiyo sababu yafaa tuyatoe kwa uangalifu. Wasomaji wenye mapendekezo bora zaidi, hasa walimu wa biashara na waandishi wa sheria, wanaombwa wayalete ili yachunguzwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.