Huru si Bure: Uhakiki wa Hoja za Kuhamia Mfumo Endeshi Huria katika Kompyuta za Ofisi

1.0 Utangulizi

Hoja ya kuzihamisha kompyuta za ofisi za umma kutoka mifumo endeshi ya kibiashara kwenda mifumo huria, hasa ile ya jamii ya Linux, kwa kawaida hujengwa juu ya neno moja: bure. Makala hii inahakiki hoja hiyo na kuonesha kwamba ni dhaifu kiuchumi na pia kiisimu. Kiingereza hutumia neno moja kwa dhana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: huru na bure. Leseni za programu huria hutoa uhuru wa kutumia, kuchunguza, kurekebisha na kusambaza programu. Gharama za mafunzo, matengenezo na tafsiri hubaki palepale. Mtetezi anayesema "bure" huitupa tofauti ambayo lugha yake imekwisha kumwekea tayari.

2.0 Funzo la Munich

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhama mwaka 2003. Kompyuta za kwanza zilihamishwa mwaka 2006, na kufikia mwisho wa 2013 zaidi ya kompyuta 14,000 zilikuwa zikitumia Linux. Hata hivyo, mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura ya kurejea Windows. Iwapo kiini kilikuwa siasa au ufundi, mjadala haujafungwa. Lililo wazi ni kwamba ofisi haiishi kisiwani. Nyaraka huletwa na wengine: majedwali huvurugika, makro hazitekelezwi, na fonti mbadala husukuma mistari hadi ukurasa unaofuata. Kiwango cha OpenDocument kilikubaliwa na ISO mwaka 2006, lakini kiwango kisichotumiwa na washirika wa mawasiliano hakimwokoi karani mwenye barua ya kujibu leo.

3.0 Tatizo la Kiolesura cha Kiswahili

Katika Afrika Mashariki kuna tatizo jingine lisilopewa uzito. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa bidhaa zake. Kwa hiyo, kuwapo kwa Kiswahili kwenye kiwambo si sifa ya programu huria pekee. Tofauti iko katika nani ana ruhusa ya kusahihisha Kiswahili hicho.

Umuhimu wa ruhusa hiyo unaonekana katika upatanisho wa kisarufi. Mara nyingi mtafsiri wa kiolesura hupewa sentensi yenye pengo ambalo kompyuta hulijaza kwa jina la kitu. Kwa Kiingereza kitenzi hakijali jina hilo. Kwa Kiswahili ni lazima faili imefutwa, kichapishi kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Utaratibu wa gettext, unaotumiwa na programu nyingi za Linux, humwezesha mtafsiri kutenga umoja na wingi, lakini hauna chombo cha ngeli. Ndipo huzaliwa "kichapishi imefutwa", na lawama humwendea mtafsiri ilhali kasoro imo katika sentensi aliyopewa. Njia mojawapo ya kuikwepa ni kuunda upya kauli: "Ufutaji umekamilika: kichapishi." Suluhisho kamili zaidi ni kurekebisha msimbo chanzo wenyewe, jambo ambalo leseni huria huliruhusu.

Hata hivyo, ruhusa si uwezo. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya. Zisipotafsiriwa, kiwambo huwa nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, na mtumiaji hukibadilisha chote kuwa Kiingereza. Istilahi nazo hugongana: nywila na nenosiri, kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Karani anayejifunza mfumo mpya hapaswi kubebeshwa pia mgogoro wa istilahi ambao wanaleksikografia hawajaumaliza.

4.0 Hitimisho

Udhaifu wa mipango mingi ya uhamaji ni kuiona tafsiri kama rangi ya kupaka nyumba iliyokwisha kujengwa. Uhakiki huu umeonesha kuwa tafsiri ni sehemu ya msingi. Bajeti ya uhamaji haina budi kuwa na fungu la kudumu la tafsiri, litakalodumu baada ya awamu ya mradi. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinafaa kuratibu orodha moja ya istilahi za kiolesura, na wanaisimu waketi na waandishi wa programu kabla sentensi hazijafungwa ndani ya msimbo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bila hatua hizo, Kiswahili kitakuwa na haki ya kujisahihisha kwenye kiwambo, lakini hakitakuwa na mtu wa kuitumia haki hiyo.