Uchafu wa Bomba Utatokea Mlango Gani?

Alfajiri ya Machi 2, 2006, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya BP alikuwa akiendesha gari kwenye barabara tupu ya uwanja wa mafuta wa Prudhoe Bay, kaskazini kabisa mwa Alaska, pale harufu ya mafuta ghafi ilipompiga puani. Mafuta yalikuwa yamejaa chini ya theluji. Yalikuwa yamevuja kwa siku kadhaa pasipo mtu kujua, kupitia tundu la robo inchi kwa nusu inchi kwenye bomba lenye kipenyo cha inchi 34. Hesabu ya baadaye ilionyesha kwamba zilimwagika galoni zipatazo 212,000, yaani mapipa zaidi ya 5,000, na ukanda ule wa kaskazini haukuwa umewahi kuona umwagikaji mkubwa kama huo. Mitambo ya kugundua uvujaji ilikuwepo na ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokuwa kikipotea kilikuwa kidogo mno, ukilinganisha na kilichokuwa kikipita, kiasi kwamba uvujaji haukutambuliwa.

Tundu lile lilianzia ndani. Kutu ilikula chuma kwenye sakafu ya bomba mpaka ikatokeza nje. Rekodi zilipofunguliwa ikaonekana kwamba mara ya mwisho kifaa cha kusafishia kupitishwa humo ilikuwa 1998, na bomba mwenzake la upande wa mashariki halikuwa limesafishwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Lakini mafuta hayohayo, yakishafika kwenye Bomba Kuu la Alaska, lenye inchi 48 na urefu wa maili 800 hadi bandari ya Valdez, yalikuwa yakipita ndani ya chuma kinachosuguliwa kila baada ya wiki mbili hivi. Mafuta ni yaleyale, baridi ni ileile, na kifaa cha kusafishia kilijulikana na kila mhandisi pande zote mbili. Kwa nini bomba moja likasuguliwa na jingine likaachwa?

Jibu la haraka ni ubahili, na ubahili ulikuwepo. Mimi nadhani kuna jibu la kiufundi lililotangulia fedha, nalo liko kwenye ncha za bomba kuliko katikati yake. Tuanze na kifaa chenyewe.

Mafundi wa mabomba ya mafuta wanakiita pigi. Hakina injini. Ni kiwiliwili cha chuma kilichovishwa diski au vikombe vya plastiki ngumu inayonyumbuka, vipana kidogo kuliko kipenyo cha ndani cha bomba ili vibane ukuta pande zote. Mafuta yanayopita yanakisukuma kutoka nyuma, nacho kinakwenda kwa mwendo wa mafuta. Katikati hufungwa brashi za waya juu ya springi, ili zikandamize ukuta hata pale bomba lilipobonyea kidogo. Kwa mafuta yenye nta nyingi huwekwa visu vya kukwangua. Mtu aliyesimama karibu na bomba lililo juu ya ardhi anaweza kuisikia pigi ikipita, maana vikombe vyake hugonga kila mshono wa kuchomelea.

Sehemu yenye akili zaidi ni ile ambayo mgeni haioni: matundu madogo yaliyotobolewa kwenye mwili wa pigi kutoka nyuma hadi mbele. Sehemu ndogo ya mafuta hupenya humo na kuchomoza mbele kwa kasi kama mchirizi, ikiuvuruga uchafu uliokwanguliwa na kuufanya uelee mbele ya pigi badala ya kurundikana. Yazibe matundu hayo na pigi itakusanya nta na mchanga mbele yake, mita kwa mita, mpaka rundo liwe kizibo kigumu kisichosukumika. Hapo unakuwa na bomba lililoziba, na kilicholiziba ni kifaa ulichokituma kulizibua.

Kwa hofu hiyo bomba lililokaa miaka bila kusafishwa haliingizwi brashi siku ya kwanza. Hutangulizwa pigi ya sponji, laini, inayoweza kukunjamana na hata kusambaratika bila kuzuia kitu. Ikitoka, huchunguzwa: imechanika wapi, imebeba nini. Hufuata sponji ngumu zaidi, kisha pigi yenye bamba la alumini lililokatwa dogo kidogo kuliko kipenyo cha bomba. Bamba likitoka limepinda ukingo, ndani kuna mahali palipobonyea au kona iliyobana. Brashi huja baada ya hapo. Pigi yenye vihisi vya sumaku, inayopima unene wa chuma, hungoja kabisa mwisho, kwa kuwa vihisi vyake vikiinuliwa na tope husoma tope badala ya chuma. Asiyesafisha, basi, hana pia kipimo cha kuaminika cha bomba lake.

Sasa turudi Prudhoe Bay tuone uchafu ulitoka wapi. Mabomba yale yalijengwa katika miaka ya 1970, wakati uwanja ulipotarajiwa kumwaga mafuta kwa wingi, na kwa miaka kadhaa ulitoa mapipa kama milioni 1.5 kwa siku. Kufikia 2006 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi mapipa kama 400,000, lakini mabomba yalibaki na upana uleule. Mafuta machache ndani ya bomba pana hutambaa. Maji na mchanga yanayosafiri na mafuta ghafi yakikosa kasi ya kuyabeba hutua chini, sawa na takataka zinavyotua kwenye mtaro mpana baada ya mvua kukatika. Chini ya tope hilo bakteria wasiohitaji hewa hupata makao, na taka zao hula chuma. Kampuni ilikuwa ikimimina dawa ya kuzuia kutu ndani ya mafuta, lakini dawa inayoelea na mafuta haifiki kwenye chuma kilicholala chini ya blanketi la tope. Kuna dawa nyingi nzuri za kulinda bomba safi. Kwa bomba chafu, kinachotangulia ni brashi.

Wahandisi wa BP hawakuwa wamekaa bure. Walikuwa wakipima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti kutoka nje, katika vituo walivyovichagua. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba inakwambia habari za pale ulipogusa tu. Tundu la Machi lilitokea sehemu iliyofukiwa chini ya kivuko cha kulungu wa kaskazini (caribou), ambako kwa kawaida kipimo cha nje hakifiki kirahisi. Pigi haichagui, hupita kila sentimita.

Sheria nayo ilisaidia uzembe. Mabomba yenye presha ndogo yaliyoko mbali na makazi ya watu hayakubanwa wakati ule na kanuni za serikali kuu ya Marekani zilizolibana bomba kuu. Presha ndogo ilihesabiwa kuwa hatari ndogo. Ni hesabu ya ajabu kidogo, kwa sababu mwendo wa polepole unaoambatana na bomba la aina hiyo ndio huohuo unaolituamisha tope.

Tufike kwenye ncha ya bomba, ambako kisa hiki kinaamuliwa. Ili kurusha pigi unahitaji chumba cha chuma kipana kuliko bomba, chenye mlango mzito upande mmoja na vali kubwa upande wa pili. Unafunga vali, unatoa presha, unahakikisha geji imesoma sifuri, ndipo unafungua mlango na kuisukuma pigi ndani. Unafunga mlango, unajaza mafuta polepole, unafungua vali, kisha unageuza mkondo upite nyuma ya pigi. Kengele ndogo yenye kiwiko ndani ya bomba inapolia, pigi imeondoka.

Upande wa kupokea ndiko watu hufia. Chumba kinafanana na cha kurushia, ila kinachofika hakifanani na kilichotumwa: pigi iliyopakwa lami, nyuma na mbele yake nta, mchanga, maji ya chumvi na unga mweusi. Tope likiwa limeziba tundu la geji, sindano husoma sifuri huku presha ikiwa imenaswa nyuma ya pigi, na fundi anayefungua mlango akiwa amesimama mbele yake anaweza kupigwa na kipande cha chuma kizito. Kwa sababu hiyo milango ya kisasa ina skrubu ya tahadhari inayofunguliwa kwanza ili presha iliyobaki ipige mluzi kabla mlango haujaachia, na fundi mzoefu husimama ubavuni daima. Ule unga mweusi nao una hila yake. Mara nyingi ni salfaidi ya chuma, ambayo ikikauka na kukutana na hewa huwaka yenyewe bila kiberiti. Humwagiwa maji tangu mlango unapofunguliwa, ukazolewa ukiwa umelowa, ukatiwa kwenye mapipa yaliyofungwa.

Sasa zidisha uchafu huo kwa miaka minane, au kumi na minne. Mabomba ya BP yaliishia kwenye Kituo cha Pampu namba 1, mwanzo wa bomba kuu, linaloendeshwa na kampuni nyingine, Alyeska. Tope lote lililosukumwa na pigi lingetua mlangoni kwa jirani, kwenye vichujio vyake, na kadiri usafishaji ulivyoahirishwa ndivyo hofu hiyo ilivyokuwa na sababu zaidi. Wanaolaumu bajeti peke yake wanasahau kwamba hata ungetoa fedha za pigi mia, bila mahali pa kulipokea tope usingerusha hata moja. Serikali ilipoamuru baada ya uvujaji kwamba mabomba yasuguliwe na kupimwa, swali la tope likawa kazi kubwa kuliko pigi yenyewe.

Bomba la mashariki lilipopitishiwa pigi ya kupimia majira ya joto ya 2006, ilirekodi hitilafu 16 katika sehemu 12. Mwanzoni mwa Agosti wakaguzi waliokwenda kuziangalia wakakuta mafuta yanavuja tena, na BP ikatangaza kuufunga uwanja. Baadaye iliruhusiwa kuendelea na upande wa magharibi. Mwaka uliofuata ilikiri kosa mahakamani na kulipa dola milioni 20.

Kwenye mabomba ya nyumbani swali la mahali pa kutolea uchafu lina jibu jepesi, ndiyo maana zana zake zilikua kwa njia nyingine. Samuel Blanc wa Des Moines, Iowa, alipotengeneza mashine yake ya kuzibulia mabomba ya maji taka mnamo 1933, akitumia mota ya mashine ya kufulia, magurudumu ya viatu vya kuteleza na waya wa chuma wenye kisu nchani, hakuhitaji chumba cha kupokelea. Alikata mizizi, maji yakaipeleka barabarani kwenye bomba la manispaa. Uchafu ukawa wa mwingine.

Kwetu swali hili linakuja kwa uzito. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilibeba mafuta ghafi tangu 1968 kabla ya kugeuzwa kuwa la dizeli mwaka 2023, na dizeli haiwezi kufuata mafuta ghafi bila masalia kuondolewa kwanza. Bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina inchi 24 na kilomita 1,443, nalo limepangwa kupashwa joto njia nzima kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa. Joto hupunguza nta, haliifuti. Nta itakayokwanguliwa njiani italazimika kutokea mahali fulani, mikononi mwa watu fulani, na ningependa mwandishi anayeruhusiwa kutembelea vituo vya bomba hilo aangalie milango ya kupokelea, matangi ya tope na mkataba wa anayelichukua, kabla ya kupiga picha pampu.

BP iliamua kubadilisha maili 16 kati ya 22 za mabomba yake makuu ya Prudhoe Bay. Mapya yalikuwa membamba kuliko yale ya inchi 34, ili mafuta yaliyobaki yapite kwa kasi ya kubeba mchanga wake, na yalijengwa pamoja na vyumba vya kurushia na kupokelea pigi.