Shujaa Aliyeadhibiwa: Mwindo, Naruto na Michezo ya Uhusika

Makala haya yanatokana na swali la mtoto mmoja wa Kalengera, katika Kivu ya Kaskazini. Nilikuwa nikimsimulia kisa cha Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale. Nilipofika pale shujaa anapoliua joka Kirimu, mtoto alinikatiza: "Sasa alipata nini?" Kwake swali hilo halikuwa na utata wowote. Katika michezo anayoicheza kwenye simu ya kaka yake, kila joka linalouawa huacha dhahabu, silaha mpya au alama za nguvu. Jibu langu lilimshangaza: Mwindo alipata adhabu. Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya majibu ni suala la uhakiki, wala si suala la mila na usasa tu.

Nikiri mapema kwamba mimi mwenyewe ni mshabiki. Katuni za Kijapani ziitwazo anime nimezitazama kwa Kifaransa, kama wengi wa rika langu nchini Kongo, na michezo ya uhusika nimeicheza usiku kucha pale umeme ulipokuwapo. Kwa "michezo ya uhusika" ninakusudia ile ambayo mchezaji huchukua nafsi ya mhusika fulani na kumwongoza katika safari ndefu ya kisa. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Kimarekani, Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ndani yake mtu mmoja husimulia na wengine huamua wahusika wao watende nini. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi atatambua hapo fanani na hadhira yake. Hivyo, wanaodai kwamba michezo hii ni adui wa fasihi simulizi wanaharakisha hukumu. Inafaa kwanza kuuliza ni masimulizi ya namna gani.

Tuanze na utendi wenyewe. Nakala inayojulikana zaidi ilisimuliwa na fanani She-Karisi Rureke mwaka 1956, ikaandikwa na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, hataki mtoto wa kiume. Anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto ananusurika, anamfikia shangazi yake Iyangura, kisha anarudi kulipiza kisasi. Nkuba, bwana wa radi, anaiteketeza Tubondo kwa ajili yake. Baba anakimbilia kuzimu, mwana anamfuata. Huko anapewa kazi ngumu na Muisa, anasaidiwa na Kahindo, na anacheza kamari na Sheburungu hadi kubakiwa na usinga wake wa ajabu tu; anauweka huo rehani, ndipo bahati inapogeuka.

Safari, majaribu, msaidizi, kifaa cha ajabu: mchezaji yeyote atajiona yuko nyumbani. Hata hivyo, mfanano huo wa msuko unaficha tofauti kubwa ya dhamira. Katika michezo mingi iliyofuata nyayo za Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii mwaka 1986, shujaa huanza akiwa dhaifu, naye hupanda daraja kwa kuua. Mwindo anazaliwa na nguvu zake zote. Hana daraja la kupanda. Kinachokua ndani yake ni uwezo wa kujizuia. Anapomkamata baba yake hamwui, bali wanagawana utawala. Watu wa Tubondo walioangamia katika kisasi chake wanafufuliwa. Na anapomuua Kirimu, aliyekuwa rafiki wa Nkuba, anachukuliwa juu mbinguni ateseke kwa baridi na joto hadi aelewe kwamba wanyama nao wana haki ya kuishi. Anarudi akiwa mtawala anayewaamuru watu wake walime, wajenge na wasigombane.

Je, anime na michezo haijui fikra kama hiyo? Inaijua, na hapo ndipo ushabiki wangu unapopata hoja. Katika Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyochapishwa kati ya 1999 na 2014, Nagato anakiangamiza kijiji cha Konoha kwa sababu vita vya wakubwa viliwaua wazazi wake. Naruto, yatima naye, anamwendea akiwa na kila sababu ya kuua, lakini anaketi na kumsikiliza. Nagato anawafufua waliokufa na kulipia uhai wao kwa wake. Tubondo na Konoha ni miji dada. Kasoro ya Kishimoto inakuja baadaye, pale ushindi unapoelezwa kwa nasaba na nguvu zilizorithiwa. Kijana aliyejenga utu wake kwa jitihada anageuzwa kuwa mteule tangu zamani, na mafunzo yake yanapungua thamani.

Kasoro ya michezo ni ya aina nyingine: mara nyingi kanuni za mchezo na kisa chake havisemi lugha moja. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, kuna dawa inayomwinua mwenzako aliyeanguka vitani, lakini Aerith anapouawa dawa hiyo haitajwi kabisa. Tunalia, kisha tunajiuliza. Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, imeliona tatizo hilo na kulitibu. Mchezaji anaweza kuimaliza bila kuua kiumbe hata kimoja. Akiua, alama anazojikusanyia hatimaye hufichuliwa kuwa ni kipimo cha ukatili wake. Nkuba angeuridhia mchezo huo.

Sidai kwamba michezo ndiyo inayoleta vita. Sehemu zetu zimeona mapigano mara kwa mara tangu miaka ya 1990, na chanzo chake hakikuwa michezo. Ninachodai ni kwamba mtoto aliyewahi kukimbia nyumbani kwao usiku anastahili walau kisa kimoja ambamo kuua kuna gharama, na ambamo aliyebomoa mji analazimika kuwarudisha watu wake. Kisa hicho kilisimuliwa katika mkoa wake mwenyewe, si mbali na anapoishi.

Basi kulalamika hakutoshi. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, mchezo wa uhusika uliojengwa juu ya fikra za Kiafrika. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili haliwezekani. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wanaoijua fasihi simulizi na wanaoijua michezo, na mara nyingi ni wanafunzi wale wale. Wapewe Mwindo kwa Kiswahili, waruhusiwe kumgeuza kuwa katuni au mchezo, kwa sharti moja tu: sehemu ya adhabu isikatwe. Mtoto wa Kalengera, nilipomaliza, hakuuliza tena Mwindo alipata nini. Aliuliza kama Kirimu naye alifufuliwa. Hilo ni swali la mhakiki, nami bado ninamdai jibu.