Fundi Asiye na Haraka ya Kuwasha

Ukimpelekea fundi wa kawaida amplifaya ya mtumba, kitu cha kwanza atakachotafuta ni soketi. Atachomeka, atabonyeza swichi, na taa ikiwaka atakuambia mashine ni nzima. Isipowaka atakuambia transfoma imeungua, na bei ya transfoma anayo mdomoni tayari. Fundi ninayetaka kumsifu hapa hana mambo hayo. Kibanda chake kiko graundi ya ghorofa moja huko Pipeline, katikati ya mama mboga na duka la M-Pesa, na mashine inaweza kulala mezani kwake asubuhi nzima bila kuonja stima. Mteja mgeni hudhani anapotezewa wakati. Mteja wa zamani huiacha na kwenda zake kazini.

Kwa asiyepajua, Pipeline ni mtaa wa Embakasi, Nairobi, karibu na Tassia na Mukuru kwa Njenga, ambako majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamebanana hadi vyumba vya chini huwashwa taa adhuhuri. Wapangaji wengi wanaishi chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Humo mna kitanda, pazia, mtungi wa gesi, mitungi ya maji, na kama mwenyewe ana ugonjwa wa muziki, spika mbili juu ya kabati. Ukuta ni wa jirani kama ulivyo wako. Ukipandisha sauti usiku utagongewa, na asubuhi keateka atakuwa na neno.

Kwa hiyo muziki wa Pipeline, ule wa ndani ya nyumba, si wa matatu, unasikilizwa kwa sauti ndogo, na ni hapo mashine inapopimwa ubora. Sabufa za dukani hutaka kupigwa kwa nguvu ndipo zinoge. Ukizishusha, mwimbaji anamezwa na mvumo. Amplifaya nzuri ya zamani hata ikinong'ona, gita la solo liko mahali pake na la ridhimu mahali pake. Wala haihitaji wati nyingi. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 na kuuzwa dunia nzima, iliandikwa wati 20 tu kila upande, na kwa chumba cha kumi kwa kumi hizo ni za kubaki. Kuzidisha wati mara mbili hulipa sikio desibeli tatu tu, nyongeza ya kiasi. Jambo hili wateja hawaliamini.

"Fundi, hii ni wati ngapi?"

"Ishirini ishirini."

"Ishirini? Yangu ya nyumbani imeandikwa elfu kumi."

"Hiyo ya nyumbani, boss, fyuzi ya plagi yake ni ya ngapi?"

Fyuzi ni ya ampea 3. Kwa volti 240, hiyo ni wati 720 kwa jumla, na hapo hujatoa joto linalopotea njiani. Zilizobaki katika zile elfu kumi ziko kwenye katoni. Nimelipenda swali hilo kuliko hotuba yoyote kuhusu sauti, kwa sababu halimdharau mtu. Linampa kitu cha kwenda kukagua mwenyewe.

Mashine zenyewe huitwa ex-UK. Sony walianza kuuza CDP-101 nchini Japani Oktoba 1982, na katika miaka ishirini iliyofuata sebule za Uingereza zilijaa mashine za CD na amplifaya zake, nyingi za rangi moja na upana mmoja, moja ikikalia nyingine. Kisha muziki ukahamia kwenye simu. Sebule zikafagiliwa, na sehemu ya vilivyofagiliwa ikapakiwa kwenye kontena, ikashushwa Mombasa, ikapanda hadi Nairobi kwenye maduka ya Luthuli na kwingineko. Kwetu vilipokewa vizuri kwa sababu isiyo na uhusiano wowote na muziki: plagi ya Uingereza ndiyo plagi yetu, ya meno matatu ya mstatili, na volti zao zinakaribiana na zetu. Mashine iliyouzwa Japani kwa Wajapani imeandikwa volti 100 mgongoni. Ukiichomeka hivi hivi kwenye soketi ya Kenya, utanusa kabla hujasikia chochote.

Ndiyo maana macho ya fundi huanzia mgongoni mwa mashine, kwa tochi ya simu, akisoma kibati cha volti. Kisha anasoma skurubu. Vichwa vilivyochubuka maana yake kuna mtu alitangulia, tena kwa bisibisi isiyolingana. Akifungua kifuniko akakuta vumbi limelala sawasawa, kama zulia lisilokanyagwa, hufurahi. Hakuna mkono ulioingia humo tangu kiwandani. Anainamisha uso na kunusa. Anapitisha kidole juu ya kapasita kubwa mbili za njia ya umeme, akitafuta iliyovimba kichwa. Anatikisa kidogo waya nene za transfoma. Yote haya anayafanya kimya, na ukimuuliza anatafuta nini atakujibu, "Sitafuti, naangalia."

Halafu huja balbu. Ni balbu ya kizamani, ya waya, wati 60 au 100, iliyofungwa kwenye ubao mmoja na soketi, kiasi kwamba stima haifiki kwenye mashine bila kupita kwenye balbu kwanza. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na kubaki hivyo, na shoti haipati umeme wa kutosha kuunguza kilichosalia. Kama ndani ni salama, inang'aa mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha inafifia hadi wekundu hafifu. Hapo ndipo fundi hupumua. Balbu za kisasa za LED haziwezi kazi hii, na za waya zimekuwa adimu madukani. Yeye huzipata kwa wauza vifaa vya kulelea vifaranga, maana vifaranga nao wanahitaji joto la waya.

Balbu ikitulia, anaweka ncha za mita kwenye matundu ya spika, spika zenyewe zikiwa bado sakafuni. Anachotaka kuona ni karibu na sufuri. Chini ya milivolti 50 za DC anakubali. Zikionekana volti thelathini na ushei, transista za kutolea sauti za upande huo zimekufa, na umeme huo ukiachiwa njia huenda kukaanga koili ya spika. Katika mashine nyingi kuna rilei ya kuzuia ajali hiyo: baada ya kuwasha hupita sekunde chache, halafu unasikia "ta!" ndogo, ndipo spika zinaunganishwa. Fundi huisubiri ile "ta" akiwa ameinamisha kichwa. Isipolia, anazima na kurudi kwenye mita.

Rilei hiyo ndiyo iliyonifunza kwa nini yeye hupima kwa sauti ya chini. Mafundi wengi hupandisha volyumu ili mteja avutike, watu wasimame njiani, biashara ichangamke. Lakini vidole vya rilei vikichakaa na kushika weusi, ugonjwa wake hujificha kwenye kelele. Ukipiga kwa nguvu, umeme unapenya weusi huo na pande zote mbili zinalia. Ukishusha hadi kiwango cha saa nne usiku, spika ya kushoto inazimika taratibu. Mnunuzi aliyeonyeshwa mashine mchana kwa fujo atagundua usiku, kitandani, kwamba alinunua upande mmoja. Kwa hiyo huyu anaweka volyumu chini kabisa, anasogeza sikio kwenye spika moja, halafu nyingine, na kuacha wimbo uishe. Kisha anazungusha kitufe cha volyumu polepole, akisikiliza kama kinakwaruza, na kikikwaruza anakinyunyizia dawa ya kusafisha na kukizungusha mbele na nyuma hadi kinyamaze.

Spea ni hadithi nyingine, na nitaipita haraka kwa sababu inanikasirisha. Transista za 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 zimeghushiwa kote duniani. Nje zina maandishi safi, ndani zina kipande kidogo kisichobeba mzigo. Fundi huyu anaamini zaidi transista iliyong'olewa kwenye amplifaya iliyokufa kwa sababu nyingine kuliko mpya inayometameta. Chini ya meza yake kuna debe la bodi za marehemu. Ukicheka debe hilo, hujawahi kuchomekewa transista bandia.

Mashine ya CD ina ukaguzi wake. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kinyume cha santuri. Huzunguka karibu mara 500 kwa dakika ikianza, na kupungua hadi kama 200 ikifika ukingoni. Orodha ya nyimbo imeandikwa katikati kabisa. Kutokana na hayo, fundi hupata nusu ya jibu kwa kumuuliza mteja swali moja: inaharibika wapi? Kama haisomi hata orodha, anashuku lenzi au mota inayozungusha. Kama nyimbo tatu za kwanza ni tamu na ya tisa inarukaruka, lenzi haina hatia. Grisi ya miaka thelathini imegeuka gundi kwenye reli ambayo lenzi hutembelea, na inahitaji kufutwa na kupakwa mpya. Kama trei ndiyo inayogoma kufunguka, ni mkanda wa mpira uliolegea. Wapo wanaouchemsha kwenye maji ukakaza kwa muda. Yeye huweka mwingine.

Lenzi anaigusa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, mguso wa kufuta machozi, na hapo anakoma. Pembeni mwa lenzi nyingi kuna kijinati kidogo cha kurekebisha nguvu ya leza. Fundi mwenye tamaa hukizungusha: leza iliyochoka inapata nguvu za ghafla, CD inasoma, mteja analipa, na baada ya muda mfupi leza inakufa moja kwa moja. Kwangu mimi, ustadi wa mtu huyu uko kwenye kijinati asichokigusa kuliko kwenye vyote anavyovigusa.

Ana CD tatu za majaribio. Moja ina mikwaruzo makusudi. Ya pili ni ya kuchomwa kwenye kompyuta, kwa sababu CD nyingi za watu wetu ni za namna hiyo, na baadhi ya mashine za zamani huzikataa. Ikiwa imejazwa nyimbo 150 za MP3, mashine ya enzi hizo haina la kufanya nayo, na hilo huwaudhi sana wateja wa injili. Ya tatu ni halisi: Guitar Paradise of East Africa, mkusanyo uliotolewa London na Earthworks mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiwa na "Shauri Yako" ya Super Mazembe na "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Muziki wa Nairobi ulivuka bahari, ukawa CD, ukarudi ndani ya mashine ya ex-UK ambayo mwenyewe alisahau kutoa CD hiyo. Fundi hutumia besi ya Tom Malanga wa Les Wanyika kupimia. Anasema besi hiyo ikisikika kama mtu anatembea, mashine ni nzuri. Ikisikika kama mtu anaburuta kiti, bado kuna kazi.

Sasa kuoanisha. Wateja huja na amplifaya wakitaka CD ya ukoo uleule, rangi ileile, kimo kilekile. Kwa sauti, haina maana kubwa. Mashine ya CD hutoa karibu volti 2, na tundu lolote la nyuma ya amplifaya lililoandikwa CD, AUX au TUNER litazipokea bila kuuliza kabila. Tundu la kuepuka ni PHONO, ambalo limetengenezwa kwa milivolti chache za sindano ya santuri. CD ikiingia hapo inatoka imejaa makelele na kupasuka. Lakini fundi huwa habishi na anayetaka pacha. Hutafuta miezi, huuliza wenzake wa Luthuli, na pacha likipatikana hulipangusa hadi herufi za mbele zionekane.

Kuna mashine moja ya CD ya Marantz niliyomwona akiinunua kwa bei ya kutupa kwa sababu ilikuwa haiisikii rimoti. Muuzaji aliapa jicho la rimoti limekufa. Fundi aliigeuza, akatazama mgongoni, akasogeza kiswichi kidogo kutoka EXT kwenda INT. Mashine hiyo huko nyuma ilikuwa imefungwa waya kwa amplifaya yake, na kwa mpango huo jicho la amplifaya ndilo lililopokea amri kwa niaba ya zote mbili. Zilipotenganishwa kwenye kontena, CD ilibaki ikisubiri amri kwa waya usiokuwepo. Fundi alipompata mwenzake wa CD hiyo, alirudisha kiswichi EXT, akafunga waya mgongoni, na rimoti moja ikaziendesha mbili. Hapo, nakubali, pacha lilikuwa na maana.

Kabla mteja hajabeba, hupewa masharti. Stima ikipotea, chomoa. Inaporudi haiji kwa adabu. Usiweke mashine ya CD juu ya matundu ya joto ya amplifaya, na kama chumba hakina nafasi nyingine, weka vipande viwili vya mbao katikati hewa ipite. Amplifaya ikisumbua ndani ya mwezi, irudishe, hulipi.

"Na CD, fundi?"

"Mota na mkanda, ndiyo. Lenzi haina garantii, boss. Si kwangu, si Luthuli."