Unaniona?

Asubuhi ile pale Mombo, kabla hatujaanza kupanda, mzee aliyetuongoza alizipitia pikipiki zote saba. Hakugusa tairi wala cheni. Hayo kila mtu alikwisha kuyakagua Korogwe, tulikolala. Alimtaka dereva akae, ampakie mwenziwe, kisha yeye akarudi nyuma hatua kumi, akasimama katikati ya barabara na kuuliza, "Unaniona?" Asiyemwona sawasawa alirekebishiwa kioo, kidogo kidogo, mpaka aitike naam. Likizo yenyewe tulikuwa tumeingoja mwaka mzima, mimi na mume wangu, na hamu ya kuiona Lushoto ilikuwa kubwa. Hata hivyo hakuna aliyemhimiza mzee. Fundi akiwa kazini, mwenye adabu hunyamaza.

Toka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na kona zake hazihesabiki: mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine. Mzee akatangulia. Mkia alipewa mtu aliyekuwa stadi kuliko sisi sote, kwa kuwa nafasi ile hapewi mwenye papara. Wa kwanza alishika upande wa kati ya barabara, anayemfuata akakaa upande wa ukingoni, hivyo hivyo hadi mwisho, kila mmoja aone mbele na abaki na pa kukwepea. Penye kona kali tulijipanga mstari mmoja. Shimo likiwa kushoto, mkono wa kushoto ulishuka kulionyesha. Likiwa kulia, mkono wa kulia hauwezi kuachia moto, basi ulinyooshwa mguu. Ishara ilishuka kutoka kwa mzee mpaka mkiani, mtu kwa mtu, kama kikombe cha kahawa barazani, na haikuwahi kukatika njiani.

Soni, panapochepuka njia ya kwenda Bumbuli, nililiona jambo ambalo sijalisahau. Aliyetutangulia alisimama kando, mguu mmoja chini, macho kwenye kioo. Hakuondoka mpaka alipotuona tumeiona njia. Nasi tukasimama pale pale kumngoja wa nyuma yetu. Hayo ndiyo masharti ya msafara: kila dereva anamchunga anayemfuata. Wa mkiani akipata pancha, wa mbele yake hamwoni tena, naye anasimama. Anasimama na mwingine, na mwingine, mpaka habari imfikie kiongozi bila simu wala honi.

Nilipoona hayo nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa bwana shamba, na serikali ilimpa Honda ya kuzungukia vijiji. Jumamosi alimpakia mama kwenda mnadani. Mama alikaa upande, kama wanawake wa wakati ule walivyokaa, kanga imefungwa vizuri isije ikanaswa na cheni, kapu juu ya mapaja. Baba akishawasha, kabla ya kukamata klachi, alipeleka mkono wa kushoto nyuma na kumgusa mama goti. Hakugeuka. Mama akampiga bega mara mbili, taratibu, kwa ncha za vidole. Hapo ndipo pikipiki ilipoondoka.

Sisi watoto tulikuwa tukisimama mlangoni tukingoja lile bega lipigwe. Siku moja mama alichelewa kujibu kwa sababu kanga ilikuwa imelegea, na alikuwa akiifunga upya. Baba akazima injini. Hakuuliza kuna nini, wala hakukohoa. Alikaa mikono juu ya usukani, akitazama mbele, mpaka vidole vilipogusa bega lake, kisha akapiga kiki upya. Nimeolewa miaka mingi sasa, na katika mambo ya ndoa niliyofundishwa kwa maneno, machache yamenikaa kama kule kuzima injini.

Mume wangu ananigusa goti vilevile. Mimi sikai upande. Nakaa kama yeye, magoti yamembana. Watu hudhani anayepakiwa ni mzigo. Haendi mbali asiyejua kupakiwa. Kona ikija kulia, natazama juu ya bega lake la kulia, na mwili unafuata macho. Nikiogopa na kulalia kushoto, nampokonya usukani bila kuushika. Akikamata breki nakaza mapaja, kofia yangu isigonge yake. Tulipanda namna hiyo hadi Soni, tukayatazama maporomoko, tukala mapeasi kando ya barabara. Baridi ilitupokea kabla ya mji.

Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mji huu wa milimani ukawa mahali pao pa kukimbilia joto. Milima ilikuwa na wenyewe zamani kabla yao. Watawala wa Kikilindi walikuwa na makao yao Vugha. Nyumba za kikoloni bado zipo, na mgeni hupelekwa kuzitazama. Mimi zilinipita tu. Nilichokuwa nakitaka ni Irente.

Irente ardhi inakatika. Unasimama juu ya mwamba, na karibu mita 1,000 chini yako ni Mazinde na mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, na mbele yake nyika ya Wamasai inakwenda hadi macho yachoke. Tulikaa pale wawili wawili, hakuna aliyepiga kelele. Mume wangu alitoa mkate na jibini vya shamba la Irente, akanikatia kipande cha kwanza. "Mama, kesho tungekaa hapa kutwa," akasema.

Tuliteremka jioni. Mlima ulioupanda kwa gia ya pili unaushuka kwa gia ya pili. Injini ndiyo inayokushika, breki zinasaidia tu. Tukiwa chini ya Soni, vijana watatu walitupita wakiwa wamezima injini kubana mafuta, kimya kabisa, abiria wawili mshikaki nyuma ya kila mmoja. Nilisikia upepo tu, kisha niliona migongo. Kwenye usukani wa pikipiki zote tatu, mahali pa vioo palikuwa na matundu matupu. Wamevifungua wenyewe, kwa vile vinagusa magari foleni ikibana. Yule wa mbele hakujua kama wenzake wapo au wamebaki kwenye kona. Nami niliumia, kwa sababu mikono yao ilikuwa myepesi na macho yao makali. Kila alichokuwa nacho baba wanacho, isipokuwa mtu wa kusimama hatua kumi nyuma yao na kuwauliza kama wanamwona.

Mombo tulifika magharibi. Mzee alishuka, akageuka, akatuhesabu kwa kidole mpaka wa mkiani: saba.

Wewe kijana unayesoma haya, na vioo vyako viko uvunguni au kwenye kisanduku cha spana, vitoe uvifunge leo, kabla hujampakia mama wa mtu.