Loleza, Ngozi, Rungwe: mwamba ndio unaopanga ratiba

Ukisimama pale Uyole, barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, unazungukwa na milima ya aina mbili. Kwa macho inafanana. Kwa miguu haifanani hata kidogo. Upande wa kaskazini-magharibi ipo safu ya Mbeya, yenye Loleza (mita 2,656) juu ya mji na Kilele cha Mbeya kinachopita mita 2,800. Kusini umelala ukingo wa Poroto, na huko ndiko iliko milima ya Ngozi na Rungwe. Vilele vyote hivyo mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuvipanda, kila kimoja kwa siku yake, akarudi kulala Mbeya. Wanaogeuza nusu njia, au wanaoshuka gizani wakimulika kwa simu, mara nyingi hawakushindwa na urefu. Walikosea hesabu ya muda, kwa kudhani kwamba mlima ni mlima.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ijaribu Loleza. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo mwinuko ni mita 950 na kidogo. Hiyo ni saa moja na nusu na ushee, kabla hujahesabu urefu wa njia. Mtu asiye na haraka ajipe saa tatu mpaka juu, atafika. Hesabu ikitoka hivyo Loleza, watu huihamishia Rungwe, na hapo ndipo inapowaangusha.

Safu ya Mbeya ni mwamba wa kale mno. Ni sehemu ya mkanda ambao wanajiolojia huuita Ubendi, wenye umri wa karibu miaka bilioni 2, mawe yaliyopikwa na kukunjwa chini sana ya ardhi, kisha yakainuliwa wakati Bonde la Ufa lilipopasuka. Mwamba ni mgumu, udongo juu yake ni haba, na maji ya mvua hayakai. Mguu unashika. Tatizo la huko ni ukali wa mteremko na nyasi kavu za Agosti zinazoteleza wakati wa kushuka, na dawa yake ni kukata mshazari, hatua fupi, ukanyage kwa ukingo wa kiatu ulio upande wa juu wa mteremko. Msitu mnene haupo njiani, kwa hiyo unaona unakotoka na unakokwenda. Hata kupotea ni kugumu: safu imenyooka, ina mbavu mbili tu, moja inaangalia mjini na nyingine Chunya. Kanuni ya Naismith ilitungwa kwa milima ya namna hii hii, ya mwamba wa kale na nyasi.

Rungwe ni mlima wa jana. Volkeno za eneo hili zimekaa pale ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Miaka kama 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu eneo kubwa. Ngozi nayo ililipuka katika miaka 1,000 hii ya karibuni, na jirani yao Kyejo alitoa lava mnamo mwaka 1800, wakati babu wa mababu wa watu wa Busokelo walikuwepo kuiona. Asiyeamini atazame kingo za barabara zilizochongwa kuelekea Tukuyu: tabaka jeusi la udongo, chini yake tabaka la rangi ya kijivu au njano la changarawe nyepesi, kisha jeusi tena. Kila tabaka jepesi ni mlipuko mmoja.

Matabaka hayo ndiyo yanayokula muda wa mpandaji. Majivu ya volkeno yakioza huwa udongo laini unaonyonya maji na kuyashika. Ndio huo unaokipa kijiji cha Isongole viazi na Tukuyu ndizi na chai. Shambani ni neema. Kwenye mteremko wa msituni, chini ya kivuli cha mianzi ambako jua halifiki, huo huo unakuwa utelezi ambao haukauki hata mvua ikikoma kwa wiki kadhaa. Na chini yake kuna changarawe isiyoshikana: ukivunja ngozi ya juu kwa kisigino, mguu wote unazama na kurudi nyuma. Kwa kila hatua tatu unalipwa mbili. Isongole, unakoanzia kupanda Rungwe, iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo mwinuko mpaka kilele cha mita 2,960 haufiki hata mita 1,000, karibu sawa na Loleza. Lakini Loleza ni asubuhi moja, Rungwe ni siku nzima. Anayeanzia upande wa misheni ya Rungwe, iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891, anaongeza mamia ya mita ya kupanda juu ya hayo. Mimi sioni sababu ya kupitia huko kama lengo ni kilele.

Halafu umbo. Ubavu mmoja wa Rungwe uliwahi kuporomoka wote, maporomoko yakaenda mbali kuelekea kusini-magharibi, na kileleni kukabaki bonde pana la kilomita 4 hivi. Ukitazama ramani, sehemu ya juu ni kama ungo uliomeguka ukingo mmoja, na ndani ya ungo kuna vilima vidogo vya lava vilivyoota baadaye. Maana yake kwa mpandaji ni hii: hakuna ncha moja iliyochongoka ya kukimbilia. Kuna ukingo mrefu uliopinda, na ukungu ukishuka, ukingo wa nje na wa ndani vinafanana. Tena migongo ya volkeno hutawanyika kutoka juu kwenda pande zote. Ukikosea mgongo kidogo kileleni, chini unatokea kijiji kingine kabisa, au unashukia ndani ya ungo. Kwa hiyo kwa Rungwe kazi ngumu ni kushuka, na njia ya kushuka hutiwa alama wakati wa kupanda.

Wanaodhani natia chumvi kuhusu msitu ule wakumbuke kipunji. Ni kima mkubwa wa kutosha kuonekana, mwenye sauti ya kipekee, na wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina. Hata hivyo watafiti hawakumthibitisha mpaka mwaka 2003, akatangazwa 2005. Kama mnyama wa ukubwa huo aliweza kujificha kwa sayansi mpaka karne hii, kijia cha miguu kinaweza kujificha kwako mchana kweupe.

Hali ya hewa inakamilisha hesabu. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, Rungwe karibu mita 3,000. Hewa yenye unyevu ya ziwani inagonga ukuta huo, inapanda, inapoa, inageuka wingu. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata kiangazi, asubuhi huwa wazi na adhuhuri kilele kimefunikwa. Wanaofanikiwa hutoka Uyole saa kumi na moja alfajiri na kuanza kutembea kunapopambazuka. Wanajiwekea saa ya kugeuka, tuseme saa saba mchana, na ikifika wanageuka hata kama kilele wanakiona. Kuhusu viatu nina msimamo usiopendwa na wauza viatu: msituni kule gambuti la mkulima wa Isongole linashinda buti la bei kubwa, na fimbo ya mwanzi inashinda vyote viwili.

Ngozi ni rahisi zaidi, na urahisi huo una mtego wake. Kupanda mpaka ukingoni ni kazi ya saa moja na zaidi kidogo, kisha ghafla msitu unakatika na ziwa liko mamia ya mita chini yako, ndani ya kaldera yenye kuta zilizosimama. Wengi wakifika hapo wanataka kushuka majini. Njia ya kushuka ni kali, udongo ni ule ule wa majivu, na maji yenyewe si ya kunywa. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 70 na halina mto unaotoka. Kaboni dayoksaidi hutoka ardhini sehemu nyingi za eneo hili la volkeno. Upande wa Kyejo kampuni ya TOL huivuna na kuiuza, na kwenye mabonde madogo ya huko ndege na wanyama wadogo hukutwa wamekufa, kwa sababu gesi hiyo ni nzito na hutuama chini. Kwa hiyo usipige hema wala kulala kwenye shimo lolote, hata likikukinga upepo.

Anayeanza, aanze na Loleza mwezi Juni au Julai, ajue mwendo wake. Juu kuna minara ya mawasiliano, aulize mapema wapi panaruhusiwa. Kisha aende Ngozi, abaki ukingoni. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo kibali kwanza, na mwenyeji wa Isongole wa kukuongoza, kati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Muda ukokotoe kwa Naismith, kisha uzidishe kwa mbili.